Neno la Mwisho ni la Nani? Mshikamano wa Mbali na Haki ya Kusema katika Wiyoni

Watetezi wa miradi mikubwa ya Lamu wana hoja moja ambayo wapinzani wao huipuuza kwa kuwa mara nyingi hutolewa kwa nia mbaya. Hoja yenyewe ni kwamba, ikiwa ni dhuluma kwa benki ya Uchina, kampuni ya Marekani au jeshi la dola kubwa kuyaingilia maisha ya watu wa visiwa hivi, basi ni dhuluma vile vile kwa jumuiya ya Ulaya au wakfu wa Marekani kuyaingilia kwa jina la kuwatetea watu hao hao. Mgeni, kwa mujibu wa hoja hii, ni mgeni tu. Akija na saruji au akija na bango, amekuja na shughuli yake. Nia mbaya ya msemaji haiubatilishi usemi wake. Makala haya yanaichukua hoja hiyo kwa uzito unaoistahili, na kuichunguza kwa msaada wa fasihi ya Kiswahili, ambayo imelitafakari suala la mkono wa mgeni kwa muda mrefu. Yanadai kwamba tofauti baina ya uingiliaji na mshikamano haiko katika asili ya mkono unaonyoshwa, wala katika wema wa moyo wa mwenye mkono. Iko katika swali la nani ana haki ya kuuambia mkono huo uondoke.

Wiyoni ni mtaa wa mji wa Lamu ulio nje ya mji wa mawe. Suala hili la mpaka si dogo. Mwaka 2001 UNESCO iliutia Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia, na tangu hapo picha ya Lamu inayozunguka duniani ni ile ya milango ya nakshi, vichochoro, mabaraza na punda. Nyumba za makuti na mabati za mitaa ya pembezoni hazimo katika picha hiyo. Mitaa ya pembezoni ya Lamu ilikua, pamoja na sababu nyinginezo, kwa kupokea jamaa wa Kibajuni waliovihama vijiji vyao vya kaskazini wakati wa vita vya shifta, 1963 hadi 1967, na baadaye kwa kupokea waliofuata kazi, ndoa na samaki. Kwa hiyo neno "kuhama" lilikuwa na historia katika pande hizo kabla ya bandari kuchorwa kwenye ramani yoyote.

Riziki ya mvuvi mdogo wa Lamu hufuata pepo mbili. Kaskazi ikishatulia, vyombo hutoka nje ya miamba. Wakati wa kusi, tangu Aprili hadi Septemba hivi, bahari kuu huchafuka, na mwenye dau au mtumbwi hubaki ndani, katika maji yaliyokingwa na visiwa na mikoko. Ghuba ya Manda ni miongoni mwa maji hayo. Bandari ilijengwa hapo kwa sababu inayokaribiana sana na ile iliyowapeleka wavuvi hapo, yaani utulivu wa maji, pamoja na kina ambacho meli kubwa huhitaji. Mradi wa LAPSSET, ambao bandari hiyo ni mlango wake, ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012 mbele ya Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Gati ya kwanza, iliyojengwa na China Communications Construction Company, ilianza kazi Mei 2021. Kwasasi, upande wa bara, kulikusudiwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, wa gharama ya takriban dola bilioni 2 za Marekani, ambao mtaji wake ulitegemewa kutoka Benki ya Viwanda na Biashara ya Uchina (ICBC). Na katika ghuba hiyo hiyo kuna kambi ya wanamaji wa Kenya ambamo askari wa Marekani wamekuwa wakikaa tangu miaka ya mwanzo ya karne hii. Tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab waliishambulia kambi hiyo na kuwaua Wamarekani watatu, askari mmoja na wafanyakazi wawili wa kandarasi. Ni nadra mtu kupata mahali padogo kiasi hiki ambapo uingiliaji wa kiuchumi na ule wa kijeshi vimekaa bega kwa bega.

Hoja ya mgeni ni mgeni ina jibu la kale katika falsafa ya Magharibi. John Stuart Mill, katika insha yake ya 1859 kuhusu kutoingilia mambo ya mataifa mengine, alishikilia kwamba uhuru hauwezi kupelekwa kwa watu na jeshi la kigeni, kwa kuwa watu wasioupigania wenyewe hawataweza kuuhifadhi. Lakini aliongeza sharti muhimu. Pale ambapo mgeni mmoja amekwisha kuingilia na kuelemeza mizani, mgeni wa pili anayekuja kuirudisha mizani hiyo sawa hajavunja kanuni, ameitetea. Kwa mtazamo huu, anayeipinga benki iliyoingia Lamu hahesabiwi kuwa mwingiliaji wa pili, maana analitengua lililotendwa na wa kwanza. Hoja hii ni nzuri, ila mwenye kuitoa alikuwa ameitumikia Kampuni ya Uhindi ya Mashariki tangu 1823 hadi 1858, na katika insha hiyo hiyo aliwatoa watu aliowaita washenzi nje ya kanuni zote za ujirani wa mataifa. Hilo si jambo la kumsuta marehemu tu. Linaonyesha udhaifu ulio ndani ya hoja yenyewe, kwani mwenye kuamua kwamba mizani imeelemea, na mwenye kuamua lini imesawazika, ni yule yule mgeni wa pili. Mwenyeji hatajwi popote isipokuwa kama kitu kinachopimwa.

Watu wa Lamu hawakuhitaji kumsoma Mill ili kulijua hilo. Karibu na mwaka 1812 waliwashinda Wamazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate katika vita vya Shela. Ni ushindi uliosifiwa kwa haki katika ushairi wa mji huo, na jina la Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na mtunzi, limeambatana nao. Ila ushindi ulileta hofu ya kisasi, na hofu ikaleta ombi. Lamu ilimwomba Seyyid Said bin Sultan wa Oman aje ailinde. Naye hakukataa. Ulinzi ulikuja pamoja na liwali na askari, na ngome ikakamilika karibu na 1821. Msaidizi huyu hakuwa mwongo. Wamazrui walikuwa tishio kweli, na Oman ilikuwa na nguvu kweli za kuwazuia. Mizani ya Mill ilisawazishwa. Kilichokosekana ni njia ya kumwambia mlinzi kwamba kazi imekwisha. Ngome ile ile ilikuja kuwa gereza tangu 1910 hadi 1984, na leo ni makumbusho ambamo watalii huingia kwa tikiti. Anayetafuta mfano wa msaada uliodumu kuliko haja yake hana haja ya kwenda mbali na gati ya Lamu.

Tatizo hili ndilo Ebrahim Hussein aliloliweka katikati ya tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Wahakiki wengi wameishughulikia tamthilia hiyo kwa kuyatazama maji, na kuuliza kama imani inaweza kuwa silaha. Wachache wamekaa muda wa kutosha na kipengele kingine, ambacho kwa suala lililopo hapa ni kizito zaidi. Katika maneno anayoyatamka Kinjeketile akiwa amepandwa na pepo, ushindi dhidi ya Wajerumani unaambatana na ahadi kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anapozinduka na kuambiwa aliyoyasema, Kinjeketile anashtuka. Anaona kwamba neno lililowaunganisha watu lina ndani yake bwana mwingine, na kwamba huenda neno hilo si lake kabisa. Wenzake hawaoni tatizo. Wao wanamwona Mjerumani aliye mbele yao, na msaidizi yeyote ni afadhali. Nguvu ya tamthilia iko katika ukweli kwamba hakuna upande uliokosea kabisa. Anayechapwa viboko katika shamba la pamba ana haki ya kuutafuta mkono popote ulipo, na anayeuliza mkono huo utadai nini baadaye hawi msaliti kwa kuuliza.

Si lazima mgeni aje na tamaa ili aharibu. Aprili 1965 Che Guevara aliingia mashariki mwa Congo kupitia Dar es Salaam na Kigoma, akiwa na kikosi cha Wakuba kilichokuja kuwasaidia wapiganaji dhidi ya serikali iliyoungwa mkono na Marekani na Ubelgiji. Wageni hao walipewa majina ya siri kutokana na hesabu za Kiswahili: Moja, Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Hawakutaka dhahabu wala ardhi. Hata hivyo ilipofika Novemba walikuwa wameondoka, na Che mwenyewe aliyaandika masimulizi ya safari hiyo kama masimulizi ya kushindwa. Sababu za kijeshi ni nyingi na zimejadiliwa na wanahistoria. Kwa mwanafunzi wa lugha inatosha kukumbuka kwamba wageni waliingia na tarakimu za Kiswahili kabla ya kuwa na Kiswahili cha kuulizana.

Hapa ndipo uhakiki wa fasihi unapoweza kutoa mchango ambao taaluma za siasa zimeuacha. Mshikamano wa kimataifa ni utendaji, lakini pia ni utanzu wa maandishi. Una umbo lake, nalo ni tamko. Anayesoma matamko ya aina hii, yawe ya Lamu au ya mahali pengine, hugundua upesi jinsi nafsi zinavyogawanywa. Nafsi ya kwanza wingi hushikwa na wanaotia saini. Wao ndio "sisi" wanaoshtushwa, wanaolaani, wanaotaka. Nafsi ya pili ni serikali au kampuni inayotakiwa kuacha. Wenyeji wamewekwa katika nafsi ya tatu, "wao", na vitenzi vyao karibu vyote viko katika kauli ya kutendwa: wanadhulumiwa, wanahamishwa, wananyang'anywa. Huo ni ukweli, na ni lazima usemwe. Lakini nafsi ya tatu ina sifa moja inayojulikana na kila mwanasarufi, nayo ni kwamba ndiyo nafsi pekee isiyohitaji kuwapo mazungumzo yanapofanyika. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Tamko la mshikamano linakuwa kinaya cha methali hiyo, kwa kuwa lake lipo, limeandikwa kwa wino mzito, ila mwenyewe hayupo.

Fasihi ya Lamu na pwani kwa jumla ilikuza utanzu ulio kinyume cha huo. Katika majibizano ya kishairi, yale ya zama za Bwana Zahidi na Muyaka bin Haji, na hata katika tungo za Kimwondo zilizozuka Lamu katika mashindano ya uchaguzi wa miaka ya 1974 na 1975, mtu hutunga akijua kwamba atajibiwa. Mpinzani huambiwa ana kwa ana, na rafiki pia. Shairi lisilojibiwa huhesabika kuwa limeshinda au limedharauliwa. Kwa vyovyote vile, kunyamaza kwa msikilizaji kuna maana. Maadili ya majibizano hayadai kwamba washiriki wapendane. Yanadai kwamba kila mmoja abaki na uwezo wa kusema neno linalofuata. Tofauti hii ya tanzu mbili inaeleza jambo ambalo hoja ya Mill imelikosa. Kisichotosha katika tamko si nia yake wala asili ya wanaolitia saini. Ni kwamba limetungwa kwa namna isiyongojea jibu kutoka kwa wale linaowahusu.

Inashangaza kidogo kwamba mfano ulio wazi zaidi wa mantiki hii umetolewa na sheria. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) iliupa mtambo wa makaa wa Kwasasi leseni mwaka 2016. Muungano wa wenyeji uitwao Save Lamu, pamoja na wakazi wengine, ulipeleka malalamiko mbele ya jopo la kitaifa la rufaa za mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 jopo hilo liliifuta leseni. Wengi duniani waliipokea hukumu hiyo kama ushindi dhidi ya makaa, na kwa athari zake ilikuwa hivyo. Kwa sababu zake, hata hivyo, ilisimama zaidi juu ya kitu kingine, yaani kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mikutano iliyofanywa ilitangulia ripoti ya athari za mazingira, kwa hiyo watu walikuwa wameulizwa maoni juu ya jambo ambalo halijawekwa mbele yao. Ripoti ilipotoka ilikuwa ndefu, ya kitaalamu na ya Kiingereza, katika nchi ambayo Katiba yake ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mvuvi wa Wiyoni aliombwa, kwa hakika, akubali nafsi ya tatu katika waraka wa serikali yake mwenyewe. Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi iliitupa rufaa ya kampuni.

Hukumu ya bandari iliyotangulia, ya Aprili 2018, ilifuata mkondo huo huo. Mahakama Kuu iliona kwamba haki za wakazi, ikiwemo haki ya utamaduni, zilikiukwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Malipo yalikawia miaka kadhaa baada ya hapo, jambo ambalo halikuwashangaza waliozoea kudai.

Sasa lazima ikabiliwe pingamizi ngumu kuliko ile ya mgeni ni mgeni. Inasemwa kwamba neno la mwisho ni la wenyeji; je, ni wenyeji gani? Watu wa Lamu hawakuwa na kauli moja juu ya Kwasasi. Wapo wenye mashamba waliosubiri fidia kwa miaka, na kwao kufutwa kwa leseni kulikuwa kufutwa kwa malipo. Wapo vijana walioitazama bandari kama ajira ya kwanza yenye mshahara katika ukoo wao, na ni udhalimu wa aina yake kuwaambia kwamba wamelaghaiwa. Mji wa mawe una maslahi yake ya utalii, ambayo si lazima yawe ya Wiyoni. Anayeshikamana na "watu wa Lamu" kutoka mbali anachagua sauti moja katika sauti nyingi, na aghalabu huchagua ile inayofanana na yake: inayojua kuandika barua pepe, inayosema mazingira kabla ya kusema samaki, inayopendeza mbele ya kamera. Urithi wa Dunia unarahisisha uchaguzi huo. Nyumba ya mawe ya karne ya 18 ina watetezi katika miji mikuu mingi. Dema lililovunjwa na mashine ya kuchimba sakafu ya bahari halina.

Pingamizi hii haiwezi kuondolewa, lakini inaweza kupunguzwa ukali. Kudai kwamba mwenyeji awe na neno la mwisho si sawa na kudai kwamba mwenyeji ana kauli moja, wala kwamba kauli yake ni sahihi. Majibizano hayafanywi na watu wanaokubaliana. Mwenye shamba wa Kwasasi na mvuvi wa Wiyoni wana ugomvi halali baina yao, na ugomvi huo una haki ya kufanyika kwa lugha yao, mbele ya taarifa kamili, bila benki kuwa imekwisha kuuamua. Kuuondoa mkono unaoamua mapema ndiyo kazi ambayo aliye mbali anaweza kuifanya bila kujitia katika ugomvi wenyewe. Naam, matokeo ya kazi hiyo yatampendeza mmoja kuliko mwingine, na hakuna mshikamano usio na lawama hiyo.

Kazi hiyo, ikitazamwa kwa makini, karibu yote hufanyika mbali na Lamu. Benki haina nguvu Kwasasi ila kwa kuwa ina ofisi, wateja na sifa mahali pengine. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza nia ya kushiriki katika mtambo mwaka 2018. Septemba 2020 ilitangaza kujitoa katika ujenzi wa mitambo mipya ya makaa. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijiweka kando mwaka 2019. ICBC yenyewe ilijitoa mwaka 2020. Sababu za kila mmoja zilikuwa nyingi, za hasara na faida pamoja na za aibu, na itakuwa ni kujisifu bure kwa kampeni yoyote kudai kwamba ni yake peke yake. Hata hivyo shinikizo la wanaharakati wa nchi kadhaa lilikuwa miongoni mwa sababu hizo, na lilifanyika pale ambapo wanaharakati hao walikuwa na haki isiyo na shaka ya kusema: katika nchi zao, mbele ya fedha zao, kampuni zao, wabunge wao. Hapo swali la ugeni linatoweka. Raia wa Marekani anayeiuliza kampuni ya Marekani inatafuta nini Kwasasi hajaingilia mambo ya Kenya. Amejiingilia mwenyewe, kama inavyompasa. (Katika Juni hiyo hiyo ya 2019, balozi wa Marekani mjini Nairobi aliyatetea makaa hadharani, wakati balozi wa Uchina aliwapokea wapinzani wa mtambo na kuwaambia kuwa uamuzi ni wa Wakenya. Mabalozi nao wana kinaya chao.)

Mwelekeo huu una mfano wa kale kidogo ambao wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wanaufahamu. Mwaka 1982 iliundwa London kamati ya kudai kuachiliwa kwa wafungwa wa kisiasa wa Kenya. Miongoni mwa waliokuwamo ni Ngũgĩ wa Thiong'o, Abdilatif Abdalla, ambaye mwenyewe alifungwa 1969 hadi 1972 na ambaye diwani yake ya Sauti ya Dhiki ilitoka 1973, na John La Rose, mshairi na mchapishaji mzaliwa wa Trinidad. La Rose hakuwa Mkenya, wala hakujifanya kuwa Mkenya. Alikuwa na duka la vitabu, shirika la uchapishaji na haki ya kupiga kelele katika mji mkuu wa dola iliyokuwa rafiki wa serikali ya Nairobi. Aliyekuwa na mkasa ndiye aliyesema, na aliyekuwa na kinasa sauti alikishika. Mgawanyo huo wa kazi unaonekana mdogo, lakini ndio ulioikosa Lamu ya Seyyid Said na Congo ya 1965.

Ipo pia hesabu ya hatari. Aliye kando haangukiwi na mti. Desemba 2018 shirika la Human Rights Watch na muungano wa watetezi wa haki za binadamu wa Kenya walitoa ripoti juu ya wanaharakati wa mazingira wa Lamu waliotishwa, kukamatwa na kuzuiwa kukutana. Baadhi yao walihusishwa na ugaidi, tuhuma ambayo katika eneo hilo si ya kuchezewa. Anayetia saini ng'ambo ya bahari hakabiliwi na hilo. Kutokana na tofauti hii baadhi ya watu huhitimisha kwamba wa mbali anyamaze. Linalofuata kimantiki ni jingine: mwenye kubeba hatari ndiye apime kasi. Akisema leo tusitangaze, hakuna kutangaza, hata kama waandishi wa habari wamekwisha kuitwa. Shirika linalotangaza bila idhini yake, kwa kuwa wafadhili wanangoja ripoti ya mwaka, limekwisha kuvuka mpaka unaojadiliwa katika makala haya, hata kama kila neno la tangazo lake ni kweli.

Linabaki suala la kambi. Sauti iliyosikika katika miji mingi juu ya makaa haikusikika kwa kiwango hicho juu ya jeshi la kigeni lililo katika ghuba hiyo hiyo, wala juu ya vita vilivyoizunguka. Kenya iliingiza majeshi yake Somalia Oktoba 2011. Juni 2014 wauaji waliingia Mpeketoni, na watu zaidi ya 60 wakauawa. Baada yake zilikuja amri za kutotoka nje usiku, na kwa miaka kadhaa katika muongo huo wavuvi wa Lamu walipigwa marufuku kuvua usiku kwa sababu za usalama. Asiyejua uvuvi anaweza kuiona amri hiyo kuwa nyepesi. Wapo samaki wanaofuata giza na maji, na mwenye nyavu za usiku hawezi kuzigeuza za mchana kwa tangazo la mkuu wa wilaya. Ni vigumu kusema hapa nani mwingiliaji na nani mlinzi. Wapo wakazi wa Lamu wanaoiona kambi kuwa shabaha inayowaletea vita, na wapo wanaoiona kuwa ukuta wa mwisho baina yao na wale waliofika Mpeketoni. Wahenga wa Shela wangeutambua mgawanyiko huo mara moja.

Makaa yalikuwa na benki ya kuandikiwa, kampuni ya kuaibishwa, na ripoti ya kurasa nyingi ya kupingwa mahakamani. Kambi haina ripoti ya athari iliyowekwa wazi kwa umma wa Lamu, haina kikao ambacho mkazi wa Wiyoni anaweza kualikwa, na masharti yake hujadiliwa baina ya serikali mbili katika vyumba ambavyo hata wabunge hawaingii kwa urahisi. Wanaharakati wa mbali wakiamua kesho kulivalia njuga suala hilo kwa kutaka wageni waondoke mara moja, watakuwa wamelitamka neno la mwisho kabla ya lile la kwanza kusemwa Lamu. Wakinyamaza kwa sababu wenyeji wamegawanyika, dola yao itaendelea kuamua peke yake, kwa kodi yao. Lakini raia wa dola hiyo anaweza, akiwa kwake, kudai kwamba mkataba usomwe hadharani na utafsiriwe, ili mvuvi aliyepoteza usiku wake apate angalau maandishi ya kuyajibu. Hilo bado halijafanyika.